Madarasa mawili ya 8-4-4 yamebaki, yasisahaulike

Mhariri,

Tangu tumalize KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mwezi uliopita wa Novemba 2025, kila nikifungua gazeti ama redio ni Gredi ya 10, darasa la kwanza la upili ya juu kwa mtaala mpya. Nani ataitwa shule gani, nani amechagua STEM (sayansi, teknolojia na hesabu) na nani sayansi za jamii na nani sanaa na michezo, maabara zitatosha ama hazitatosha. Sisemi hayo si maneno ya maana, dadangu mdogo amefanya ule mtihani wa kwanza wa Gredi ya 9 na kwetu nyumbani hiyo ndio stori ya kila jioni. Lakini kuna watoto wako ndani ya hizo hizo shule na sisikii mtu akiwataja. Sisi tumetoka, yetu yameisha, tunangoja matokeo. Nyuma yetu yamebaki madarasa mawili peke yake ya 8-4-4, ule mtaala wa zamani, kwa nchi nzima, wale watafanya KCSE 2026 na wale wa 2027, na baada ya hao basi, mlango umefungwa. Hao ndio wamefanya niandike. Na ili watu waelewe mbona nina wasiwasi nao itabidi nieleze venye darasa letu lilisoma, juu sisi ndio tuliona mwanzo wa hii shida na wao ndio watabaki nayo.

Darasa letu ni la shule moja ya kutwa hapa Kisumu, ya zile zilikua zinaitwa za kaunti ndogo na saa hii zimewekwa kundi la C4. Watu wengi wakikumbuka shule ya upili wanakumbuka bweni, sanduku la bati, siku ya wazazi kuja na kuku wa kukaanga. Sisi jioni kila mtu alikua anaenda kwao, Manyatta, Nyalenda, Obunga, Kondele, wengine mpaka Nyamasaria na Mamboleo, na kuna watu wanafikiria mtoto wa kutwa hana darasa, ana masomo tu halafu anaenda nyumbani. Si kweli hata kidogo. Ukitembea na mtu kilomita nne asubuhi na kilomita nne jioni kwa miaka minne, mvua na jua, unamjua kuliko ndugu yako.

Rika letu lilianza kuvurugiwa kalenda hata kabla ya kuonana. Corona ilipoingia Machi 2020 tulikua darasa la saba, shule zikafungwa, tukakaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Wenye redio walisikiliza masomo KBC, wenye wazazi wana simu kubwa walitumiwa kazi kwa WhatsApp, na wengine walienda soko la Kibuye kusaidia mama kuuza omena na hakuna kitu walisoma miezi hiyo yote. Tukarudi tukakimbizwa, darasa la nane tukalianza Julai 2021, KCPE ya 2021, mtihani wa kumaliza darasa la nane, tukaifanya Machi 2022, na Mei hiyo hiyo tukaingia kidato cha kwanza. Ulikua ule mwezi wa mkutano wa Africities kule Mamboleo, mji wote unapigwa rangi, wageni kila mahali, tuktuk zinabadilishiwa njia, ndio nakumbuka vizuri siku zetu za kwanza.

Kidato cha kwanza chote kilisomwa kuanzia Mei mpaka Novemba, na hapo katikati Agosti tukatumwa nyumbani kwa ajili ya uchaguzi. Fikiria hesabu ya mwaka mzima, kemia ya mwaka mzima ambayo mtu anaiona mara ya kwanza maishani, fizikia, bayolojia, vyote kwa miezi kama saba hivi. Mwalimu alikua anafundisha akiangalia saa. Kwa hivyo mtu akisema watoto wa KCSE 2025 msingi wao wa hesabu ulikua dhaifu, mimi sibishani naye, namwambia tu aangalie kalenda ya 2022.

Halafu 2023 ikaja na maandamano ya Jumatatu na Alhamisi. Wasomaji wa Kisumu hawahitaji kuelezwa Kondele ilikua aje kuanzia Machi mwaka huo. Shule ilikua inatuachilia mapema lakini mapema ya shule si mapema ya Kondele, unafika pale karibu na daraja unapata tairi zinawaka na askari wako upande ule na vijana upande huu, na wewe nyumbani kwenu ni ng'ambo. Hapo ndio darasa letu lilijifunza kutembea kwa makundi. Hakuna mtu alitupangia, ilitokea tu, wa Manyatta wanajipanga pamoja, wa Obunga pamoja, wasichana katikati, mtu mwenye simu nyumbani kwao karibu anaenda kupiga kuuliza njia gani iko sawa. Moshi ukija mnaingia kwa duka la mtu yeyote aliyefungua, mnaoshwa macho na maji ya mtungi na mama hamjuani, mnangoja. Nilisoma sehemu kubwa ya set-buku ya Kiswahili kwa duka la mahindi nikiwa nimekaa kwa gunia, jamaa wa darasa letu mwenye sauti nzuri akisoma kwa sauti na sisi tunasikiliza, mama mwenye duka pia anasikiliza, akituuliza huyo mhusika mbona anafanya hivyo. Fasihi yangu ilianzia hapo.

Sasa kitu nataka watu washike ni hiki. Hatukuvuka hayo yote kwa sababu tulikua werevu, tulivuka kwa sababu tulikua na watu mbele yetu. Shule ndogo kama yetu haina pesa ya kununua kila kitu, kwa hivyo inaishi kwa kurithishana. Vitabu vya kiada vya serikali viko, hivyo vinaletwa tangu 2018, lakini kitabu cha kiada si kila kitu. Kuna past peipa, kuna marking skimu, kuna noti za mtu aliyeelewa jambo na kuliandika kwa lugha ambayo mwenzake ataelewa. Darasa letu lilipokea kutoka kwa wale wa 2023 kaunta buku moja ya kemia, ile kubwa nene yenye jalada gumu, imefungwa mgongo kwa gundi ya karatasi mara kadhaa. Ndani ya jalada kuna majina, kila darasa lilikua linaandika mwaka wake na mtu aliyeitunza. Hesabu za mole zimeandikwa hatua kwa hatua kwa kalamu ya buluu, halafu pembeni mtu wa mwaka mwingine ameandika kwa nyekundu "hapa usisahau kubadilisha cm³ iwe dm³", halafu chini yake mtu wa tatu ameongeza mfano mwingine rahisi zaidi juu labda huo wa kwanza ulimshinda. Ukurasa wa taitresheni ulikua na madoa ya rangi ya kahawia, pamanganeti ya mtu wa zamani ilimwagika hapo. Mimi hizo hesabu nilizielewa kwa hiyo kaunta buku kuliko popote.

Na si vitabu tu. Ukiwa kidato cha kwanza ni mtu wa kidato cha tatu anakuonyesha mwalimu gani hapendi kelele, njia gani ya mkato haina mbwa, mama gani wa kantini atakukopesha mandazi mpaka Ijumaa. Sweta yangu ya kwanza ilikua ya msichana aliyemaliza. Wengi wetu hivyo hivyo, na hakuna mtu aliona aibu, ilikua ndio desturi ya shule, ukimaliza unaacha yunifomu kwa ofisi ya mwalimu wa gaidansi, inaoshwa, inapewa mono, yaani mtoto wa kidato cha kwanza.

Mwaka wa 2024 nitaupitia haraka. Aprili mvua ikaharibu kila kitu, ufunguzi wa muhula wa pili ukasogezwa mpaka Mei 13. Mto Auji ulipita kwa nyumba za watu Nyalenda, wenzetu kadhaa walikuja shule bila daftari hata moja, na darasa zima likagawana kunakili noti, huyu akachukua bayo, huyu jografia, huyu historia, mpaka kila aliyepoteza akawa na kitu. Juni yakaja maandamano yale ya vijana, mwisho wa Agosti muhula wa tatu ukaanza na mgomo wa KUPPET, chama cha walimu wa upili. Walimu wetu walikua na haki ya kudai, sisi ndio tunajua venye walikua wanafanya kazi, lakini wiki ni wiki na silabasi haingojei.

Ningependa nikae kidogo kwa chakula cha mchana, juu hapo ndio niliwajua wenzangu. Karo ya kutwa serikali inasema inalipa, lakini pesa ya lunchi ni ya mzazi, na kuna muhula mzazi hana. Ukilipa unapewa kadi, mpishi anaiwekea alama. Siku za nyoyo, yaani githeri kwa wale hawako Kisumu, foleni inazunguka mpaka nyuma ya choo. Darasani kwetu kulikua na sheria haijaandikwa popote, kwamba kadi haina mwenyewe. Wenye kadi wanaleta sahani nyuma ya maabara, pale kwa kivuli cha muembe, zinawekwa katikati na vijiko vinatoka mifukoni, na hakuna mtu atauliza ni nani amelipa muhula huu na nani hajalipa. Kuna mwenzetu alikula hivyo karibu mwaka mzima na mpaka leo sidhani zaidi ya watu wachache walijua. Alikua anatufundisha fizikia, nitafika hapo.

Si wote tulioanza nao tulimaliza nao. Jamaa aliyekua anakaa nyuma yangu aliacha kidato cha tatu babake alipofariki, saa hii ana boda pale Kondele, na kipindi chote cha KCSE asubuhi alikua anakuja kubeba wenzetu wanaotoka mbali bila kuwalipisha hata bob. Msichana mmoja alipata mtoto, akakaa nyumbani, halafu akarudi, manake serikali inaruhusu msichana arudi na mwalimu wetu wa darasa alienda mpaka kwao kumwambia mamake hivyo. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango kama mgeni. Wasichana walimchukua na dawati lake wakalipeleka mahali pake pa zamani, bila hotuba, wakaendelea na mambo yao. Amefanya mtihani na sisi. Siku ya picha ya kumaliza tuliomba wale walioacha njiani waitwe pia, na wengine walikuja wakasimama na sisi na nguo zao za nyumbani. Kwangu hiyo picha ingekosa hao haingekua ya darasa letu.

Sasa tukaingia 2025, mwaka wetu wa mwisho, na hapa ndio kiini cha barua. Januari shule ikafunguliwa na hakukua na kidato cha kwanza. Kila mtu alikua anajua kwa kichwa kwamba haitakua, KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, hao wakaingia Januari 2024, na watoto wa mtaala mpya walikua bado kwa shule za msingi wakisoma Gredi ya 9. Lakini kujua ni tofauti na kuona. Madarasa mawili yalibaki matupu, viti vimepandishwa juu ya madawati, mwanzoni tulifurahia nafasi, tukapeleka mijadala yetu huko. Halafu pole pole tukaanza kuona kinachokuja na utupu.

Shule ya umma inapewa pesa kwa kichwa cha mwanafunzi. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mtoto. Chukua shule iliyozoea kupokea watoto 100 kidato cha kwanza, mwaka 2025 haikupata hata mmoja, hapo peke yake ni zaidi ya milioni mbili zimetoka kwa hesabu ya shule, hata kama pesa ingekua inakuja yote na kwa wakati. Na haikua inakuja yote. Julai mwaka huu Waziri wa Fedha John Mbadi mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu kiwango hicho kizima. Kuna mtu atasema watoto wakipungua na matumizi yanapungua, mbona mnalia. Unga utapungua, ndio. Chaki itapungua. Lakini mwalimu wa fizikia hapungui robo, ama yuko ama hayuko. Wanafunzi wa kidato cha nne wakiwa kumi au mia moja, somo ni lile lile.

Na shule ndogo walimu wake wengi si wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, ni wa bodi ya shule, wanalipwa kutoka kwa hiyo hiyo pesa ya shule. Wetu wa fizikia alikua wa bodi. Alivumilia muhula wa kwanza bila mshahara kamili, akatuambia ukweli, akaenda kutafuta kazi kwingine, na hatukumlaumu, ana watoto. Prinsipali alijaribu kila njia, naye pia hana kosa. Tukabaki na fizikia bila mwalimu kwa muda mrefu wa mwaka wa mtihani. Ndio yule mwenzetu wa sahani akaanza kusimama mbele. Alikua anasoma usiku kwa taa ya jirani, asubuhi saa kumi na mbili na nusu yuko ubaoni na chaki, anaeleza mizunguko ya umeme kwa Dholuo na Kiswahili na Kiingereza vyote kwa sentensi moja mpaka mtu wa mwisho aseme ameelewa. Kwa praktiko ya kemia tulikua watu sita kwa bureti moja. Mmoja anashika mfereji wa bureti, mmoja anatikisa chupa, wengine macho kwa rangi, na ile pinki ikiyeyuka mara moja wote tunapiga kelele "hapo hapo!" na mtu wa kusoma namba anainama usawa wa jicho. Kila mtu alikua anadai zamu yake ya kushika mfereji, juu siku ya mtihani utakua peke yako. Yule kijana sijui atapata gredi gani lakini najua watu wengi wa darasa letu wakipita fizikia ni yeye.

Halafu Oktoba 15, siku chache tu kabla praktiko na mitihani ya mdomo ianze, zikaja habari kutoka India kwamba Baba, Raila Odinga, amefariki. Sitajaribu kueleza Kisumu siku hiyo. Watu walitoka barabarani na matawi ya miti wakilia, wazee kwa vijana. Shuleni kuna mwalimu alisimama mbele yetu akajaribu kuongea akashindwa, akakaa chini, na sisi tukakaa naye. Jumamosi mwili ulipoletwa uwanja wa Mamboleo wengi wa darasa letu walikua huko tangu usiku, Jumapili akazikwa Bondo, na wiki hiyo hiyo mtihani unaanza. Hakuna mtu alikua na kichwa cha kusoma. Tulikutana darasani Jumatatu ya Mashujaa ingawa ilikua likizo, hakuna mwalimu aliita, tukakaa tu pamoja, halafu mtu akasema tufungue kemia, tukafungua. Ningekua peke yangu nyumbani hiyo siku sidhani ningefungua.

Hayo yote nayasema ili nifike kwa wale waliobaki. Sisi 2025 tulikosa kidato cha kwanza wa kurithisha lakini tulikua tumerithi kutoka juu. Kidato cha tatu cha mwaka huu, ambacho Januari kinakua cha nne, kitakua na sisi tu wa kukiachia. Na wale wa kidato cha pili wanaoenda cha tatu watakua kundi la mwisho kabisa, 2027 watakua wao peke yao na mtihani wao kwa shule iliyojaa Gredi ya 10 na 11 wanaosoma mambo mengine. Ile kaunta buku ya kemia tumewaachia hao waliobaki, na majina yetu tumeandika. Baada yao itakua haina kazi.

Januari Gredi ya 10 wakiingia pesa itarudi kidogo, madarasa yatajaa, na hiyo ni nzuri kwa shule. Wasiwasi wangu ni kwamba walimu ni wale wale. Mwalimu mmoja asubuhi atafundisha Gredi ya 10 kwa mtaala ambao yeye mwenyewe ndio anaanza kuufundisha, mchana aje kidato cha nne kwa mtaala ule wa zamani. Maandalio mara mbili, vitabu aina mbili, mitihani ya aina mbili. Macho ya wizara, ya wazazi, ya magazeti yote yako kwa ile mpya, wakaguzi wakija wataulizia ile mpya, mwalimu akiitwa mafunzo ataitwa kwa ile mpya, na pengine ni katikati ya muhula, na kidato cha nne kitaachiwa kazi ya kunakili ubaoni. Hakuna mtu atakua amekusudia kuwanyima, itakua tu hivyo kwa sababu hakuna aliyewakumbuka. Na tangu 2023 gredi ya mwisho inahesabiwa kwa hesabu, lugha moja na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo mwalimu wa hesabu akikosekana hakuna mahali mtoto atajificha.

Naomba Wizara ya Elimu iweke wazi kwamba shule zenye madarasa haya mawili hazitaachwa bila mwalimu wa somo la mtihani kwa sababu ya idadi ya watoto, na pesa ya hao waliobaki itumwe mwanzo wa muhula, si mwisho. TSC wakipanga walimu Januari wasiangalie tu mahitaji ya njia tatu za Gredi ya 10, waulize pia shule ya kutwa ina mwalimu wa fizikia wa kidato cha nne ama haina. KNEC, baraza la mitihani, nao waanze mapema kuwaeleza wa 2027 na wazazi wao, kwa lugha rahisi, mtu akiugua ama akikosa gredi aliyohitaji atafanya nini, wasingoje mpaka watu waanze kukimbizana ofisini. Wazazi, kadi ya lunchi ya mtoto wa kidato cha nne ina uzito sawa na ya mtoto wa Gredi ya 10 mwenye yunifomu mpya. Na nyinyi mliomaliza miaka ya nyuma, hizo past peipa na noti ziko chini ya kitanda na wengine wenu mshaanza kufungia nazo nyama, zitoeni, 2026 na 2027 ndio bado zina mtu wa kuzisoma.

Kwa upande wetu, darasa letu tumekubaliana kwamba kuanzia Januari, kabla kila mtu hajajua anaenda chuo gani ama kazi gani, Jumamosi asubuhi tutakua tunaenda shuleni kukaa na kidato cha tatu na cha nne, kila mtu kwa somo lake. Yule wa fizikia ndio wa kwanza kuandika jina. Prinsipali ametupa darasa moja, lile lililokua la kidato cha kwanza. Kama kuna mwalimu wa fizikia ama hesabu aliyestaafu anakaa upande wa Manyatta, Kondele ama Kibos na ana saa mbili kwa wiki, aingie shule yoyote ya kutwa iliyo karibu naye aulize kidato cha nne wanakosa somo gani.

Katibu wa darasa, KCSE 2025,
Manyatta, Kisumu